TAHADHARI: "Fundi" anayekuuzia dawa ya winmail.dat anataka barua pepe yako

Makarani, wahasibu na ninyi mnaotuma ankara kwa barua pepe, someni hii kabla hamjamfungulia mtu kompyuta.

Huanza hivi. Mteja anapiga simu: "Mbona umenitumia faili la winmail.dat? Halifunguki." Wewe ulituma PDF moja tu. Ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp, muda si mrefu anakuja inboksi mtu anayejiita fundi. Anasema hicho ni kirusi, kinajibandika kwenye kila barua unayotuma, tuma pesa kidogo kwa simu halafu umpe namba ya AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali) akitoe.

Usimpe. Winmail.dat si kirusi. Outlook ya kompyuta, ile ya "classic", inapotuma kwa muundo wa "Rich Text", hufunga mapambo ya maandishi na viambatisho vyako katika furushi moja. Outlook mwenzake hulifungua bila shida. Programu nyingi nyingine haziwezi, hivyo mpokeaji anaona faili lisiloeleweka. PDF yako imo humo ndani. Ukiangalia chanzo cha barua aliyoipokea mteja utakuta "application/ms-tnef", na hilo ndilo jina la furushi lenyewe.

Kuliondoa ni kazi ya dakika tano. Nenda File, Options, Mail. Penye "Compose messages in this format" weka HTML. Shuka hadi "Message format", na penye "When sending messages in Rich Text format to Internet recipients" chagua "Convert to HTML format". Kama analalamika mteja mmoja tu, huenda Outlook imekariri muundo wa anwani yake: anza barua mpya, andika herufi za mwanzo za jina lake, futa pendekezo kwa ile alama ya X, kisha andika anwani yote upya.

Kuna mafaili mengine yanayowatisha watu bure. Image001.png mara nyingi ni nembo iliyo kwenye saini yako. Smime.p7s ni saini ya kidijitali, na faili la .vcf ni kadi yako ya mawasiliano. ATT00001 mara nyingi hutokea pale picha ilipowekwa katikati ya maandishi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji fundi.

Akishaingia, huyo tapeli hufungua Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, akuonyeshe alama nyekundu na njano ili uogope. Kila kompyuta nzima inazo. Kisha anakuwekea antivairasi ya wizi, wakati Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake bila malipo. Hasara hiyo bado ndogo. Hasara kubwa ni pale anapokwambia, "Hebu ingia kwenye barua pepe tujaribu kama imepona." Hapo anahitaji sekunde chache tu kuweka kanuni inayopeleka nakala ya barua zako kwake. Anakaa kimya, anasoma, anasubiri ankara nene, halafu anamwandikia mteja wako kwa jina lako: "Tumebadilisha akaunti ya benki." Ukibadilisha paswedi peke yake hujamtoa, kwa sababu kanuni ile inabaki palepale.

Hatari ya kweli ina dalili zake. Watu wanapokea kutoka kwako .zip yenye paswedi, .html, .iso au .js kwenye barua ambazo hukuziandika, wakati mwingine zikiwa jibu la mazungumzo yenu ya zamani. Mwombe mpokeaji afungue "Show original" kwenye Gmail. Hapo ataona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vya kuthibitisha barua imetoka wapi. Ikiwa zote zimeandikwa PASS na anwani ni yako hasa, chukulia kwamba akaunti yako imeingiliwa. Zikiwa FAIL, uwezekano mkubwa ni kwamba mtu anaigiza jina lako kutoka kwingine.

Na kama tayari ulimpa namba, kata intaneti kwenye kompyuta hiyo sasa hivi. Tumia kifaa kingine kubadilisha paswedi, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye Gmail, fungua "See all settings" ukague "Forwarding and POP/IMAP", "Filters and Blocked Addresses", na "Accounts and Import" penye "Grant access to your account". Kwenye Outlook ya mtandaoni kagua Rules na Forwarding. Anwani au kanuni usiyoijua, ifute, lakini ipige picha kwanza kwa ajili ya polisi.

Ondoa AnyDesk. Programu yenyewe ni halali, ila akiwa aliiwekea paswedi ya kuingia bila wewe kuruhusu, anaweza kurudi usiku. Halafu fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", uchague ukaguzi wa "offline"; kompyuta itajizima na kuwaka, ngoja kama dakika 15.

Wakati inakagua, wapigie wateja wote wenye ankara ambazo hazijalipwa. Piga simu, usiwaandikie barua pepe. Wasomee namba yako ya akaunti, tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta mmoja amekwisha lipa kwenye akaunti nyingine, apigie benki yake saa hiyohiyo aombe muamala uzuiwe, kisha mwende polisi na zile picha.