Nimeizoea njia kwa picha za nyuzi 360 kabla ya safari: umbali ndio ulionichanganya

Kwa wiki mbili nilitumia programu ya picha za nyuzi 360, yaani zinazoonyesha pande zote, kujifunza njia ya kutoka kituo cha treni hadi nitakapofikia. Kona, ngazi, mlango wa bluu: vyote nilivikuta mahali pake. Lakini mnara ambao kwenye skrini ulikuwa mdogo, mbali kabisa, ana kwa ana ulikuwa umenisimamia puani.

Niliporudi nilikaa nikachunguza. Programu hufungua picha kwa mtazamo wa nyuzi 90 hivi, yaani upana wa eneo linaloonekana kwa mara moja. Skrini yangu ina upana wa sentimita 60. Ili picha hiyo ilingane na uhalisia, jicho linatakiwa kuwa umbali wa nusu ya upana huo, yaani sentimita 30. Mimi hukaa sentimita 60. Kila kitu kilinifikia kikiwa kimepungua, na udogo huo jicho huusoma kuwa ni umbali. Nilisogeza uso hadi sentimita 30 na kufumba jicho moja. Mtaa ukasogea! Jicho la pili ndilo lililokuwa likinikumbusha kwamba natazama kioo bapa.

Kwa simu haiwezekani. Upana wa sentimita 7 unadai jicho liwe sentimita 3.5 tu kutoka kwenye kioo, na hapo hakuna kinachoonekana.

Kimo cha kamera nacho kina lake, tena huvuta upande wa pili. Kamera ikiwa juu ya gari, tuseme mita 2.5 kutoka ardhini, nami nikatazama kana kwamba ni macho yangu ya mita 1.6, sehemu ya barabara iliyo mita 25 mbele itaonekana iko mita 16. Ndiyo maana barabara ilionekana fupi huku majengo yakionekana mbali. Natamani kimo hicho kiandikwe pembeni mwa picha.

Kisha kuna kubofya ili kusonga mbele: kila mbofyo ni mruko mmoja. Miruko 40 ya mita 10 ni mita 400, na kidole hakichoki. Bega lenye begi linachoka.

Programu bado naipenda na naitumia. Sasa mimi huikuza picha hadi mtazamo wa nyuzi 53 hivi, unaofaa kwa kukaa sentimita 60, na umbali naukadiria kwa milango na watu waliomo pichani.