Nililipia Kamusi ya Kigiriki, Ikanipa Maana Moja ya "Logos"

Programu hii ya simu, kamusi ya Kigiriki cha Agano Jipya kwa Kiingereza, nililipia mwaka mzima, na leo simshauri mtu yeyote ainunue. Nilikuwa nikitayarisha somo la kikundi chetu cha Biblia juu ya Mathayo 12:36, mstari ninaoujua kwa ghibu: kila neno lisilo maana watakalolinena wanadamu, watatoa hesabu ya neno hilo siku ya hukumu. Nilibonyeza neno la Kigiriki lililo mahali pa "hesabu", nikakuta ni logos, na chini yake maana moja tu ya Kiingereza, "word". Hivyo nikasimama mbele ya watu wazima walioacha shughuli zao, nikafundisha kwamba tutatoa neno kwa ajili ya neno, ilhali lile "neno" la mwanzo wa mstari si logos kabisa, ni rhema. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, basi hesabu imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Wala jambo hili si siri ya wataalamu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yenyewe hapo imeandika "account". Katika Matendo 1:1, Luka anapotaja kitabu chake cha kwanza, logos ni "treatise". Katika 1 Petro 3:15 ni "reason". Na katika Luka 7:17, habari za Yesu zinapoenea Uyahudi, ni "rumour". Kwa Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, logos ni uwiano wa vipimo viwili. Katika Marko 11:29 Waingereza wamelazimika kusema "question", ila sisi tumebaki na "nitawauliza ninyi neno moja" bila shida, kwa kuwa Mswahili akisema "si neno" anazungumzia jambo, si matamshi.

Niliwaandikia wahusika kwa adabu, nikawatajia mistari hiyo. Baada ya siku kadhaa wakajibu: "Ndugu mteja, logos ni 'word', soma Yohana 1:1. Huenda Kiingereza kinakusumbua." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi na hasira haijapungua.

Hata hivyo nitakuwa nimedhulumu nikificha kwamba itifaki yake, yaani orodha ya mistari yote yenye logos, ni nzuri mno, na ndiyo niliyoifuata usiku kucha, Biblia ya Kiingereza ikiwa pembeni, hadi nikazipata maana hizo zote. Kwa itifaki hiyo peke yake, mwenye kamusi nyingine nyumbani pengine angefaidika. Pengine. Lakini kuuziwa kamusi isiyotofautisha neno na hesabu, kisha nikaambiwa kwamba kasoro ni Kiingereza changu, hapana, sitalipia tena. Nimekwisha kudai fedha zangu, na kikundi kitakapokutana nitaanza kwa kumjibu yule mzee.