Vikalio vya shaba vya gitaa: nunua kwa sababu ya kutu, sauti isahau

Seti ina vikalio sita vya shaba ya manjano, yaani vipande vidogo ambavyo kila uzi hulalia kimoja, vya kubadilishia vile vya chuma kwenye briji (sehemu inayoshika nyuzi mwilini) ya gitaa la umeme aina ya Stratocaster. Pakiti inaahidi mlio mnene na noti inayodumu. Kwa mpiga solo wa Shangani au Mikindani, huku pwani ya Mtwara, faida ipo, ila si hiyo.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Inanasa mtikisiko wa uzi wa chuma, shaba haina habari nayo. Kikalio kinaweza kubadili kidogo namna uzi unavyopoteza nguvu, lakini ukigusa tu kitufe cha toni tofauti hiyo imemezwa. Mbona basi watu wanaapa wameisikia? Kwa sababu anayefunga vikalio hufunga na nyuzi mpya siku hiyohiyo, na kwa upepo huu wa bahari nyuzi za Mtwara hufa mlio kitambo kabla ya kukatika. Kimo cha nyuzi nacho huwa kimebadilika. Anayetaka kupima kwa haki aweke kwanza nyuzi mpya kwenye vikalio vya zamani, arekodi. Kisha afunge shaba na nyuzi mpya za unene uleule, kimo kilekile, arekodi tena. Msikilizaji asiambiwe ipi ni ipi.

Kinacholipa hapa ni kutu. Shaba huota ukijani unaofutika kwa kitambaa, wakati chuma kilichobanduka nikeli huliwa na chumvi mpaka skrubu za kupandisha na kushusha kikalio zinagoma. Na hapo ndipo seti inapoudhi: skrubu zenyewe, zote 12, ni za chuma cha kawaida! Zitie tone la mafuta ya cherehani kabla ya kufunga, au tafuta za chuma cha pua. Skrubu za nyuzi mbili za pembeni ni ndefu mno, zinachoma kiganja.

Kabla ya kuagiza Dar, pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi wa sita kwenye briji. Kuna seti za milimita 52.5 na za 56, na haziingiliani. Ufunguo wa skrubu ni wa milimita 1.5, ukilazimisha ule mdogo wa inchi, kona za skrubu zinaisha.

Ukishafunga, linganisha noti ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni) na hamoniki yake, ule mlio wa kengele unaotoka ukigusa uzi hapo bila kuubonyeza. Noti ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze kuelekea shingo. Halafu bonyeza uzi freti ya mwisho, upime nafasi hadi sumaku ya pikapu: kama milimita 2.4 upande wa uzi mnene, 2 upande wa mwembamba. Marekebisho haya ni ya bure na yanabadili sauti kuliko seti nzima. Usiisogeze pikapu karibu zaidi, maana sumaku itavuta uzi na noti za juu za uzi mnene zitayumba kana kwamba gitaa halijatyuniwa.