Vekuroniamu kwa macho ya paka: uzoefu wangu wa miaka minne maabara

Nilisomea udaktari wa mifugo Morogoro, na kule paka akishalala kwa nusukaputi tunahesabu ametulia. Nilipopata kazi ya ufundi kwenye maabara ya uoni huku Ujerumani, siku ya kwanza nikamkuta paka amelala fofofo mezani, bado wanamwandalia dawa nyingine ya kulegeza misuli. Nikauliza ya nini tena. Mkubwa wangu hakunijibu. Alimulika ndani ya jicho la paka kwa oftalmoskopu, akatafuta pale neva ya jicho inapotokea, akapatia alama ya penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mbele ya paka. Tukaenda kunywa chai. Kurudi, alama iko hapa, neva imehamia kule, vidole viwili vitatu pembeni.

Ukuta ule ulikuwa sentimita 57 kutoka jichoni. Umbali huo si wa kubahatisha: ukiwa hapo, sentimita moja ni sawa na digrii moja ya uoni. Kwa hiyo jicho la mnyama aliyelala lilikuwa limetembea digrii kadhaa wakati sisi tunakoroga sukari. Kazi yetu ni kusikiliza seli za ubongo zinavyoitika paka akionyeshwa kitu, na seli nyingi zinazohusika na katikati ya uoni wake zinachungulia kadirisha ka digrii moja hivi, nyingine pungufu ya hapo. Unaionyesha seli mstari, inaitika vizuri, halafu jicho linateleza na seli inanyamaza. Wewe unaandika daftarini kwamba seli haipendi mstari huo. Umeandika uongo.

Ndiyo maana kila maabara ya aina hii ina kichupa cha kulegeza misuli. Watafiti Hubel na Wiesel, waliopata Nobel mwaka 1981 kwa kazi yao juu ya ubongo wa paka na uoni, katika majaribio yao ya mwaka 1959 walitumia dawa ya kulegeza iitwayo saksinilkolini. Sisi tunatumia vekuroniamu, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Inakuja kama unga mweupe, miligramu 10 kwenye kichupa. Unachanganya na maji ya sindano na unaweka kwenye pampu inayosukuma polepole usiku na mchana, maana majaribio haya huenda siku mbili, tatu. Ukishaichanganya na maji matupu iweke kwenye friji, na ndani ya saa 24 iwe imetumika au imemwagwa. Unga wenyewe hauhitaji friji, na hapo inaizidi dawa ndugu yake, rokuroniamu, ambayo inataka baridi tangu kiwandani.

Kuhusu kazi yake sina lalamiko. Misuli sita inayozungusha jicho inalala, na ule mwingine wa paka unaorudisha jicho ndani ya tundu nao unalala. Mtelezo mdogo unabaki, kwa hiyo bado nachora ile alama ya neva kila baada ya saa chache, na wenzangu wengine wanashikisha kipete cha chuma kwenye weupe wa jicho ili lisisogee kabisa. Ila usitegemee ifanye kila kitu. Mboni haiigusi, wala ukope wa tatu, kwa sababu misuli ya huko ni ya aina nyingine. Hapo ni matone ya atropini ya kutanua mboni na fenilefrini ya kurudisha ukope nyuma. (Kwa ndege mambo yanageuka: mboni yao ina misuli kama ya mkono, na matone ya dawa za kulegeza misuli kama vekuroniamu ndiyo huitanua.) Paka naye hapepesi tena, jicho linakauka, kwa hiyo lazima umvalishe lenzi. Na hapumui mwenyewe. Mashine ya kupumulia ikikatika, dakika zake ni za kuhesabu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Dawa hii hailazi. Haipunguzi maumivu hata chembe. Inafunga mlango tu, aliye ndani akiwa amelala au yuko macho, wewe huoni tofauti. Zile ishara zote tulizofundishwa Morogoro, kuminya kidole cha mguu uone kama anavuta, kugusa kope, kupima taya, kuangalia pumzi, zinakwenda zote kwa mkupuo mmoja.

Mwaka wangu wa pili nilipokea zamu saa nane usiku. Macho yametulia, seli inaitika, mwenzangu amefurahi amekwenda kulala. Mimi nikakaa kuandika. Baada ya muda nikasikia mlio wa mapigo umebadilika, si kengele, mlio tu umekuwa wa haraka. Kutazama: kutoka 160 yamefika 200 na ushei, na mawimbi ya ubongo yaliyokuwa makubwa ya taratibu yamekuwa madogo yanayotetemeka. Nikainama kwenye chombo cha isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta. Kioo kinaonyesha tone la mwisho. Sikukikagua wakati wa kupokea zamu. Kosa langu, si la mwingine. Nikampa dawa ya usingizi ya mshipani papo hapo, nikajaza chombo, nikasimama pale nimeshika meza mpaka mawimbi yakarudi kuwa makubwa. Katika muda wote huo paka hakutikisa hata sharubu.

Tangu usiku ule ndiyo nikaelewa kwa nini mkubwa wangu aliachana na galamini, dawa ya kulegeza misuli aliyoizoea. Galamini inapandisha mapigo ya moyo yenyewe. Pankuroniamu hivyo hivyo. Sasa kama moyo ndiye shahidi wako wa mwisho, unampaje dawa inayomlazimisha kusema uongo? Vekuroniamu karibu haiugusi moyo kabisa. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza, kabla hata ya macho.

Sheria nayo iko wazi: Agizo la Umoja wa Ulaya la 2010/63 linakataza dawa inayomzuia mnyama kuonyesha maumivu isipokuwa amepewa usingizi au dawa ya maumivu ya kutosha. Utaratibu wetu ni kumaliza upasuaji wote bila ya kulegeza, kukaa na usingizi uleule kwa muda, kuminya na kuminya tena, na hapo tu pampu inawashwa. Kipimo cha usingizi hakishushwi baada ya hapo, hata mtafiti alalamike seli zimezubaa. Watalalamika. Waache.

Kama unafanya kliniki, ukiweka jicho la mbwa katikati kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hali yako ni nyepesi: dozi ndogo, muda mfupi, na sugamadeksi ipo ya kuiondoa haraka. Paka wetu hawaamki, kwa hiyo hiyo sugamadeksi sijawahi kuifungua.

Kwa panya siipendekezi. Ukimlaza kwa urethani na kloprothikseni macho yanatulia kiasi cha kutosha, kamera ndogo ya infraredi inakuonyesha yakisogea, na zile sekunde alizosogeza jicho unazitupa wakati wa hesabu. Anapumua mwenyewe, na ukimminya mguu anakujibu. Wiki hii ratiba yangu ni panya watatu, na kichupa hakijatoka kabatini.