Ranchi mbili, baisani wawili: uzoefu wangu wa kuwinda South Dakota

Nianze na bili. Desemba 2022 nilikubaliana na ranchi moja dola 2,400 kwa kuwinda baisani jike. Nilipoondoka pale nilikuwa nimelipa dola 3,310. Trekta ya kumbeba mnyama, 150. Kumchuna, 200. Usiku wa pili ambao hatukulala, 160. Halafu 400 nyingine kwa sababu jike "alikuwa mkubwa kuliko wa kwenye makubaliano". Makubaliano yenyewe hayakutaja ukubwa wowote. Na katika nyama yote ile sikula hata kipande kimoja. Nitaeleza kwa nini.

Naishi Sioux Falls, huu mwaka wa tisa. Kwetu Handeni. Baba mdogo alikuwa askari wa wanyamapori, kwa hiyo hadithi za mbogo aliyejeruhiwa nimekua nazo. Nilipofika huku nikasikia watu wanawinda "bafalo", damu ikanichemka. Baadaye ndiyo nikajua kwamba bafalo wa Wamarekani si mbogo wetu. Huyu ni baisani, ana nundu na manyoya mengi, na kwa ukoo yuko karibu na ng'ombe kuliko alivyo karibu na mbogo. Hata huzaa na ng'ombe. Dume anafika kilo 900, jike kama nusu yake. Zamani walikuwa mamilioni kwa mamilioni kwenye mbuga hizi, wakapigwa risasi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1880 wakabaki chini ya 1,000. Leo wako laki kadhaa Amerika Kaskazini, na wengi wao ni mali ya watu, kwenye ranchi.

Kuna wa porini kweli, lakini kibali ni bahati nasibu. Kule Henry Mountains, Utah, kuna kundi lililoanzishwa mwaka 1941 kwa baisani 18 waliotolewa hifadhi ya Yellowstone. Ukibahatika kupata kibali, ndiyo umepata. Hapa jimboni hifadhi ya Custer State Park nao huchezesha bahati nasibu. Nimeomba mara mbili, jina halijatoka. Kwa hiyo sisi wengine tunabaki na ranchi, na hapo ndipo pa kuwa macho. South Dakota, baisani wa mtu binafsi kisheria ni mfugo. Hakuna msimu wala leseni ya kumwinda, na hakuna askari wa wanyamapori atakayekuja kuangalia mambo yalivyokwenda. Ni wewe na mwenye mali.

Sasa ile ranchi ya kwanza. Picha zao mtandaoni zilikuwa vilima na majani mpaka upeo wa macho, na vilima hivyo vipo, ila hatukuwinda huko. Pikapu ilitupeleka dakika kumi hivi, tukafungua geti la pili, tukaingia sehemu yenye ukubwa wa viwanja vitatu vya mpira, seng'enge pande zote. Baisani walipoiona pikapu wakaanza kuja mbio. Si kwa hasira. Pikapu ile ndiyo inayowaletea pumba.

Jike niliyeonyeshwa alikuwa na hereni ya njano sikioni, namba 47. Shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shem, huyu tunamwinda au tunamnunua?"

Sikuwa na jibu. Mwongozaji akaniambia nilenge bega, katikati. Nikalenga katikati ya ninachokiona, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu baisani umbo lake linadanganya macho. Ile nundu ndani yake ni mifupa ya uti wa mgongo iliyosimama kama miti ya ua, imevikwa nyama. Ukiigawa nundu na mwili pamoja, katikati yake iko juu mno. Moyo na mapafu viko chini kabisa, nyuma ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua. Mwongozaji anayejua kazi anakuambia hayo kabla hujapanda gari. Huyu aliniambia baada ya risasi ya pili. Jike akajichanganya na wenzake, ikapita kama dakika ishirini, ikaja risasi ya tatu ndiyo akaanguka. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa, na kisu changu kiko kwenye ala.

Wakati tunasubiri, mwongozaji akampa shemeji bunduki: "Jaribu na wewe." Shemeji, Mungu ambariki, akakataa kwa sababu ya baridi tu, mikono ilikuwa imekufa ganzi. Miezi kadhaa baadaye nikajua kwamba mgeni mwenye viza ya matembezi, kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bunduki, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Na kwa kuwa baisani wa ranchi hahitaji leseni, mgeni hufika bila leseni yoyote akidhani mambo yako sawa. Nilipojua nilitokwa jasho. Kama una ndugu anakuja kutoka Dar au Dubai na unataka kumpeleka, akate leseni yoyote ya uwindaji kabla ya kugusa silaha, na umuulize wakili kwanza.

Jumapili yake nikaenda kwa sheikh wetu. Ni mzee wa Kibarawa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu.

"Sheikh, mnyama wa ranchi ni mawindo au mfugo?"

"Alipokuona alikimbia, au alikuja?"

"Alikuja, sheikh. Alidhani tumeleta chakula."

Mzee alicheka kwanza mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Basi mwanangu, huyo alikuwa mikononi mwenu, na aliye mikononi huchinjwa. Anayepigwa kwa silaha kwa jina la Mwenyezi Mungu ni yule asiyeshikika. Na huyo naye, ukimkuta yu hai, mchinje." Nyama yote niliwagawia majirani na madereva wenzangu. Wakaisifu sana, jambo ambalo halikunisaidia.

Kwa hiyo safari ya pili sikutazama picha. Nilipiga simu ranchi nne na kuuliza mambo yaleyale kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Nilitaka kujua ukubwa wa sehemu tutakayowinda sisi, siyo ukubwa wa ranchi nzima, maana eka za kwenye tangazo na eka za kwenye mawindo ni vitu viwili. Nikauliza wanyama wana hereni au hawana. Nikauliza mwaka jana wangapi walijeruhiwa wakahitaji kumaliziwa, na nani aliyewamalizia. Hili la mwisho ndilo linalochuja. Wawili walisema "hakuna hata mmoja", nikakata simu kwa adabu. Mtu anayeua wanyama wakubwa kila mwaka halafu hajawahi kujeruhi hata mmoja, ama ni malaika ama ni mwongo. Wa tatu alijisifu kwamba utapata mnyama ndani ya saa mbili, uhakika asilimia mia. Uhakika huo niliwahi kuununua, najua rangi ya hereni yake.

Wa nne alikuwa mama mwenye ranchi mwenyewe. Alijibu, "Watatu. Mmoja alitusumbua hadi jioni." Kisha akaanza kuniuliza yeye. Natumia bunduki gani? Nikamwambia .30-06. Akasema inatosha nikileta risasi nzito na nisipige mbali. Umbali gani napiga bila kukosa? Naweza kutembea kilomita tano kwenye theluji? Kuna yeyote katika msafara wangu mwenye viza ya matembezi? Hapo nikajua nimefika. Nikamuuliza kama majirani wanafuga kondoo, maana kondoo hubeba kirusi kisichowadhuru wao lakini kikimpata baisani humuua. Akasema hakuna kondoo karibu. Halafu nikamweleza habari ya kisu.

Akanyamaza kidogo. "Nipe siku mbili nizungumze na mwongozaji wangu."

Siku ya pili akapiga, masharti yameandikwa: mwongozaji ndiye atakayesema sasa ni salama kumsogelea, nitamwendea mnyama kwa nyuma, upande wa mgongo, bunduki ya mwongozaji itabaki juu mpaka niseme nimemaliza, na nikikata koo, nisije kudai kichwa cha kutundika ukutani, ngozi ya shingo itakuwa imeharibika. Nikamwambia kichwa siwezi hata kukipitisha mlangoni. Bei dola 3,200: malazi usiku mbili, mwongozaji, trekta, kuchuna na kugawa mapande manne. Bucha nalipa mwenyewe. Bili ya mwisho ilikuwa dola 3,200.

Januari 2025 tulishika barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi, tukavuka mto Missouri pale Chamberlain, na huko mbele saa zikarudi nyuma saa moja, ukapata usingizi wa bure. Nyuzi 19 chini ya sifuri. Huo ndio wakati wake, manyoya yakiwa yamejaa. Ukiwinda kiangazi utapata ngozi yenye mabaka kama zulia lililoliwa na panya.

Kabla ya yote mwongozaji alinipeleka kwenye bati la chuma la ukubwa wa sahani, mita 100, nipige mara tatu. Ya kwanza ilikwenda pembeni. Hakusema kitu, alisogeza tu gunia la mchanga chini ya mkono wangu. Siku ya kwanza hatukupata. Eneo lilikuwa eka 7,000, upepo ukageuka, kundi likapanda upande wa pili wa kilima, basi. Tukarudi tukanywa supu.

Asubuhi ya pili tuliwakuta bondeni, kama thelathini, theluji imewaganda usoni. Mwongozaji akanionyesha jike mmoja, hana hereni. Tukalala kifudifudi. Nikangoja dakika arobaini kwa saa yangu, kwa sababu kila alipogeuka vizuri kulikuwa na mwingine nyuma yake, na risasi inaweza kumpita mmoja ikampata wa pili. Vidole vilikuwa havinisikii tena. Ndipo aliyekuwa nyuma akajisogeza, mwongozaji akanigusa bega. Bismillahi Allahu Akbar. Chini, nyuma ya mguu.

Akatembea hatua kama kumi na tano, akapiga magoti, akalala. Wenzake hawakukimbia. Walimzunguka wakawa wanamnusa, mmoja akamsukuma kwa pembe kama anayemwamsha. Hilo sikulitegemea, na sijui kama nimelimaliza moyoni. Pikapu ikawasogeza polepole, mwongozaji akanipa ishara, nikapita upande wa mgongo. Alikuwa bado anapumua. Kisu nilikuwa nimekinoa siku tatu. Mvuke wa damu ulipanda mpaka usoni. Mwongozaji akangoja, akauliza kama nimemaliza, akatoa kisu chake, kidogo kuliko changu, akaanza kazi.

La bucha nalisema kwa nguvu kwa Waislamu wenzangu. Nyama ya baisani haina mafuta mengi, na bucha nyingi za mashambani huichanganya na mafuta ya nguruwe kwenye nyama ya kusaga na soseji. Kwao ni desturi ya nyama pori, hata hawaoni sababu ya kukuuliza. Yule mama aliniambia kabla sijauliza. Nikaomba isagwe ya kwanza asubuhi, mashine ikiwa imesafishwa, bila kuchanganya chochote. Ilitundikwa siku kumi, nikairudia na lori la rafiki: kilo 168 bila mifupa, dola 720 hivi. Kila kifurushi kina muhuri kwamba si cha kuuzwa, kwa hiyo wale mliokwisha kuniuliza bei ya kilo, jibu ni hilo.

Jikoni, usiifanye kama ng'ombe. Mishikaki itoe mapema, ikikolea moto inakuwa kamba. Pilau ya nyama ya nundu, moto mdogo, saa tatu: mke wangu, ambaye safari nzima aliiita wazimu, alirudia sahani.

Ranchi ya kwanza naipa nyota moja, kwa ajili ya supu yao. Ya pili nne na nusu. Nusu nimeikata kwa chumba: hita ilizimika saa nane usiku wa kwanza, tukalala na makoti. Ngozi nayo ilikwenda kwa fundi mwingine kabisa, kwa hiyo simhesabii yule mama. Fundi aliniahidi itakuwa tayari Aprili. Nimempigia wiki iliyopita, akasema Aprili hiyohiyo. Mwaka hakuutaja.