HEC-RAS kwa kazi za ardhioevu: naipa nyota nne

Kama kazi yako ni kufufua ardhioevu na bajeti ni ndogo, pakua HEC-RAS, programu ya kompyuta ya kukokotoa mwendo wa maji. Ni ya bure, inatengenezwa na kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, na tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inakokotoa hata maji yanayotambaa bondeni, siyo yaliyo mtoni tu.

Naitumia kwenye bonde la Usangu, kusini mwa Tanzania, kwa kinamasi cha Ihefu. Raha yake ni ramani: unaona maji yakikusanyika mpaka kwenye kingo ya mwamba pale Ng'iriama, kinamasi kinapomwaga maji kwenye mto Ruaha Mkuu. Kina cha maji kikishuka chini ya usawa wa mwamba ule, mto unakatika hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nilimwonyesha mzee mmoja mkulima wa mpunga, akainama kwenye kompyuta akauliza, "Sasa mwanangu, banio letu tukilifunga baada ya mavuno, hapa patakuwaje?" Tukapunguza maji ya mfereji unaolishwa na banio hilo (lango la kuchepusha maji ya mto), tukaendesha upya, akaona. Swali kama hilo ndilo linalostahili programu nzuri.

Nyota moja naikata kwa sababu maji ya chini ya ardhi haiyamudu, na uvukizi, ambao Ihefu ni mkubwa mno, niliukokotoa pembeni. Halafu jihadharini na ramani za mwinuko za bure. Setilaiti husoma vichwa vya matete badala ya udongo, na kwenye tambarare kosa la mita moja linahamisha kinamasi kizima. Ingieni majini mkapime wenyewe.