Mafuta ya mimea ya kuondoa mba: yapi ununue Arusha na Moshi, yapi uyaache dukani

Baridi ikianza, kuanzia Juni hivi, mba huwazidi watu wengi. Kichwa kinashinda ndani ya kofia ya sufu au mtandio, nywele zinaoshwa kwa nadra kwa sababu maji ya bomba yanauma vidole, na tukiona unga mweupe mabegani tunadhani ngozi imekauka, tunaongeza mafuta. Hali isipobadilika ndipo mtu anaingia duka la vipodozi karibu na Soko Kuu hapa Arusha, au Soko la Kati kule Moshi. Kabatini anakuta vichupa vya kahawia vya mililita 10: tea tree, rozimari, mnanaa, mchaichai, karafuu. Muuzaji anamwambia, "Dada, chukua chochote, vyote ni vya asili."

Vyote vya asili, sawa, lakini havifanyi kazi moja. Katika kabati hilo kuna viwili ambavyo vimepimwa kwa watu wenye mba na matokeo yakaonekana. Kingine kinatuliza muwasho tu. Vingine vinafaa kwa mambo mengine, na kimoja viwili vinaweza kukuunguza ngozi. Nimevipanga hapa kwa kigezo kimoja: kinachopunguza mba.

Chanzo cha mba, kwa sababu ndicho kinachoamua cha kununua

Mba hutokana kwa sehemu kubwa na fangasi wadogo wa jamii ya hamira, Malassezia, ambao wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Wakiyameng'enya huacha asidi ya oleiki, na kwa mtu ambaye ngozi yake haiivumilii, hapo ndipo muwasho unapoanza na ngozi kubanduka.

Sasa tazama chupa ya mafuta ya zeituni. Sehemu yake kubwa ni asidi hiyohiyo ya oleiki. Mtu anachukua nusu kikombe cha zeituni, anadondoshea matone matano ya tea tree, anapaka kichwa kizima Jumamosi, kisha anaenda saluni kusukwa rasta za kukaa mwezi. Amewalisha fangasi, na dawa aliyoweka ni kidogo mno kuwafanya lolote. Baada ya wiki tatu anasema tea tree ni uongo. Nasikitika kila nikisikia hivyo, maana hela imeshatoka na kichwa bado kinawasha.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kichupa, chagua kwanza utakichanganya na nini. Jibu langu ni shampuu. Shampuu inaondoa mafuta na magamba, dawa inagusa ngozi, kisha vyote vinasuuzwa. Mafuta ya kupaka na kulala nayo, hata yawe ya asili kiasi gani, nayaweka mwisho.

Nafasi ya kwanza: tea tree

Yanatoka kwenye majani ya mti wa Australia, Melaleuca alternifolia. Ndiyo mafuta yenye ushahidi bora zaidi katika kundi hili. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la huko Australia lililohusisha watu 126 wenye mba kidogo hadi ya wastani. Waliopewa shampuu yenye asilimia 5 ya tea tree, mba yao ilipungua kwa asilimia 41 katika wiki nne. Waliopewa shampuu isiyo na dawa, mba yao ilipungua kwa asilimia 11. Huo si muujiza, na anayekuahidi kupona kwa siku mbili anakudanganya, lakini tofauti inaonekana wazi.

Shika hiyo asilimia 5. Ndiyo inayotenganisha dawa na manukato. Hesabu yake ni rahisi: mililita 5 za tea tree kwa kila mililita 100 za mchanganyiko. Nunua shampuu ya kawaida ya mililita 200, isiyo na harufu kali. Mimina pembeni mililita 10, kisha ingiza kichupa kizima cha mililita 10 cha tea tree, funga na utikise. Kama kichupa chako ni kikubwa zaidi, pima kwa bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Usihesabu matone, kwa sababu mililita moja ni kama matone 20, na mililita 10 ni matone 200. Hakuna mtu mwenye subira hiyo, ndiyo maana wengi wanaishia matone kumi na kushangaa hayasaidii.

Tikisa kila unapotumia. Paka kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye nywele tu, sugua kwa ncha za vidole na si kucha, acha dakika tatu hadi tano, suuza. Mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki nne, ndipo uhukumu.

Nafasi ya pili: mchaichai

Haya yanapaswa kujulikana zaidi. Mchaichai tunao uani, tunauweka kwenye chai, lakini mafuta yake yaliyokamuliwa kwa mvuke ni kitu kingine kabisa. Watafiti wa Thailand walipima losheni ya nywele yenye mafuta ya mchaichai kwa viwango vya asilimia 5, 10 na 15, kwa watu 30. Kiwango cha asilimia 10 ndicho kilichofanya vizuri zaidi: mba ilipungua kwa takriban asilimia 75 siku ya saba, na 81 siku ya kumi na nne. Takwimu zinavutia kuliko za tea tree, lakini watu 30 ni wachache na muda ulikuwa mfupi, ndiyo maana nimeyaweka ya pili.

Sababu nyingine ni citral, kemikali inayoyapa ile harufu ya ndimu. Kwa baadhi ya watu huleta mzio. Usianze na asilimia 10. Anza na mililita 2 kwenye mililita 100 za shampuu, uone ngozi inasemaje. Na kuchemsha majani ya mchaichai ukaoshea nywele hakukupi kiwango hicho, kwa sababu mafuta hayayeyuki kwenye maji. Kichwa kitanukia vizuri, basi.

Nafasi ya tatu: shampuu iliyokwisha kuchanganywa

Kwa asiye na muda wa kupima, au mama mwenye watoto wadogo ambaye hataki kichupa cha mafuta makali kiwe nyumbani, hili ni chaguo zuri kwa sharti moja: geuza chupa usome viambato. Hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta "Melaleuca Alternifolia Leaf Oil" katikati ya orodha, kuna kitu humo. Ukiikuta mwishoni kabisa, baada ya neno "Parfum" na rangi, unalipia picha ya jani. Chupa inayotaja kiwango chake kwa asilimia ndiyo ya kuchukua kwanza.

Nafasi ya nne: mnanaa

Mentholi iliyomo hupoza ngozi na kutuliza muwasho kwa muda. Kama muwasho unakunyima usingizi, ongeza mililita moja kwenye chupa ile ya shampuu ya mililita 200 yenye tea tree. Peke yake usitegemee iondoe mba. Na mtoto mchanga asisogezwe mafuta haya usoni, maana mentholi inaweza kumbana pumzi.

Baada ya hapo, weka hela yako mfukoni

Rozimari inauzwa sana siku hizi kwa ajili ya kukuza nywele, na hiyo ndiyo kazi iliyopimiwa. Kwa mba sioni sababu ya kuinunua. Mkaratusi unafungua pua, kichwani hauna la ziada. Limau na ndimu zilizokamuliwa kwa maganda ni hatari kwa namna yake: ukipaka ukatoka juani ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi.

Karafuu nazitaja peke yake kwa sababu tunazipenda na tunaziamini. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni eugenoli, kitu kikali mno kwa ngozi. Mtu anayapaka bila kuyazimua juu ya kichwa alichokwisha kukikwaruza kwa kucha, halafu anasema "inachoma, maana yake inafanya kazi". Kuchoma huko ni ngozi inayoumia. Na yakimezwa na mtoto, hata kidogo, ni sumu kwa ini.

Ya mwisho kabisa katika orodha yangu ni ile mitungi ya "mafuta ya mba" inayochanganya nazi, nyonyo, zeituni na harufu ya tea tree. Sababu umeshaisoma juu.

Kichupa halisi utakijuaje

Anza na maandishi. Kichupa cha kweli kina jina la mmea la kisayansi: Melaleuca alternifolia kwa tea tree, Cymbopogon kwa mchaichai, Mentha piperita kwa mnanaa. Kina nambari ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na nchi kilikotoka. Kikisema "fragrance oil" ni manukato tu. Kikisema "pure" mbele, na nyuma kikataja Cocos nucifera au Paraffinum Liquidum, kimezimuliwa kwa nazi au mafuta ya madini. Tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, hivyo una haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa imesajiliwa.

Kisha bei. Gawanya bei kwa mililita kabla ya kulinganisha, maana kichupa kikubwa chenye mafuta yaliyozimuliwa huonekana rahisi. Kilo 100 za majani ya tea tree hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Mililita 30 kwa bei ya soda mbili haiwezekani.

Kisha nyumbani fanya jaribio la karatasi. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, dondosha tone moja la mafuta, na pembeni yake tone la mafuta ya kupikia. Andika kwa penseli lipi ni lipi, acha mpaka kesho. Inua karatasi dirishani. Tone la kupikia litakuwa limeacha duara linalopitisha mwanga kama karatasi ya maandazi. Mafuta makali ya kweli hupeperuka, karatasi ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Ukiona maduara mawili yanayofanana, kichupa chako kimejazwa mafuta mengine. Jaribio hili halifichui kila udanganyifu, lakini ule wa kawaida zaidi linaufichua.

Usinunue kichupa kilichoshinda juani kwenye meza barabarani, iwe soko la Kilombero hapa Arusha au Mbuyuni kule Moshi, hata kama bei ni nzuri. Joto, mwanga na hewa huyaharibu mafuta haya, na tea tree iliyooksidika huleta mzio zaidi kuliko mpya. Kioo cha rangi nzito ni lazima. Ukipata chenye kizibo cha plastiki kinachodondosha chenyewe, chukua hicho kuliko chenye mpira wa kubonyeza, kwa sababu mafuta haya hulainisha mpira na kuuharibu. Ukishafungua, kiweke mahali pa baridi na giza, juu wasikofikia watoto, na usikivushe mwaka.

Kabla hujapaka

Paka kidogo ya shampuu uliyochanganya kwenye kiwiko kwa ndani, suuza baada ya dakika tano, subiri siku mbili. Kukitokea wekundu au vipele, usiipeleke kichwani. Kaka uliyetoka kunyolewa kinyozini na kupakwa spiriti, ahirisha kwa siku moja mbili, kwani wembe na mashine huacha michubuko usiyoiona. Mwenye rasta atie shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, apitishe kwenye njia za nywele mstari kwa mstari, asuuze sana. Na hakuna hata kimoja kati ya vichupa hivi cha kunywa. Tea tree ikimezwa hulevya, mtu akapepesuka na hata kupoteza fahamu.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu na mba ni nene

Hapo nitakuambia upite duka la vipodozi, uingie duka la dawa, uombe shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Haitoki kwenye jani, lakini inapiga fangasi walewale kwa nguvu zaidi, na hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, ikiachwa kichwani dakika tatu hadi tano. Mba ikishatulia ndipo urudi kwenye tea tree kwa ajili ya kuizuia isirudi. Sioni ubaya wa kutumia vyote viwili kwa zamu, na kwa anayeteseka naona ni busara.

Kuna vichwa ambavyo si vya kununulia chochote dukani. Mtoto wa shule mwenye mabaka ya duara yaliyonyonyoka nywele ana mapunye, si mba, na mapunye hutibiwa kwa vidonge anavyoandikiwa na daktari, kwa kuwa fangasi wake wameingia ndani ya unywele. Magamba mazito yanayoshuka mpaka kwenye paji la uso au yanayotokea viwikoni pia, vidonda vinavyotoa maji, au mba iliyogoma baada ya wiki nne za matibabu sahihi, navyo vinahitaji kuonwa. Watu wa Moshi wana bahati: hospitali ya KCMC ndiko kiliko kituo cha kanda cha kufundishia magonjwa ya ngozi, kilichoanza 1992, na wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo. Aliye Arusha aanzie Hospitali ya Mount Meru, na aende na kile kichupa alichokuwa akitumia, ili daktari asome mwenyewe kilichoandikwa.